Picha za tumbo kwa laki moja na nusu, Lushoto

Najua wengi wenu mmezoea kunisoma nikiwaandama madiwani na vikao vyao visivyokwisha. Leo naomba ruhusa nipumzike kidogo na siasa. Leo naandika kuhusu tumbo. Tumbo la mke wangu, ambaye Mungu akipenda atajifungua katikati ya mwezi wa tatu, na jinsi tulivyolipiga picha tumbo hilo kule kwao Lushoto kwa bajeti ya shilingi laki moja na nusu. Marafiki watatu wameniuliza tulifanyaje, na kila mmoja nimemjibu nusunusu. Sasa nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza tuelewane. Mimi ni mwandishi wa gazeti, na mishahara yetu mnaijua. Ni kama mvua za vuli: inaweza kuja, inaweza isije, na ikija huwa imechelewa. Desemba mke wangu alipoleta hoja ya picha za ujauzito nilifanya ninachojua kufanya, nikapiga simu kuulizia. Studio ya kwanza hapa Dar walinitajia laki nne na nusu. Humo ndani mna gauni la kukodi lenye mkia mrefu, mtu wa kumpamba uso, na picha kumi. Ya pili wakasema laki sita, ila wao wanaweka na maputo. Nikashukuru, nikakata simu. Jamani, laki sita ni kodi yangu ya miezi minne!

Fedha nyingine tuliyokuwa nayo ni ile ya kujifungulia. Hiyo ipo kwenye simu ya mke wangu na haiguswi. Ni ya gari la usiku wa manane, ya dawa zitakazokosekana, ya upasuaji ikibidi. Tuliapizana kwamba hata nyumba ikiungua, ile haitoki. Kwa hiyo chochote cha picha kilitakiwa kitoke kwenye posho zangu za safari, na zilikuwa zimebaki laki moja na nusu tu.

Mtaniuliza, sasa kama fedha hamna, picha za nini? Hata mimi nilimuuliza. Jibu lake ndilo lililonifanya nikae niandike haya.

Mwaka juzi tulikuwa na ujauzito mwingine. Ulifika miezi sita. Sitaeleza yote, ila tulirudi nyumbani mikono mitupu, watu wakatupa pole, wakatuambia ninyi bado vijana. Baada ya mwezi hakuna aliyetaja tena. Mke wangu aliniambia hivi: "Yule hatuna hata picha moja ya kuonyesha kwamba alikuwepo. Nilivaa magauni mapana miezi yote sita kwa sababu niliambiwa nisijitangaze. Nikaficha, na bado akaondoka. Huyu namtaka kwenye picha, iwe iwavyo."

Mwanaume mwenye akili akisikia hivyo habishani. Anatafuta kamera.

Jambo hili la picha za ujauzito wengi wanaliona ni mbwembwe za Instagram. Si la jana. Agosti 1991 jarida la Vanity Fair la Marekani lilimweka mwigizaji Demi Moore kwenye jalada akiwa na mimba ya miezi saba, hana nguo, picha imepigwa na Annie Leibovitz. Yalizuka makelele makubwa, na yako maduka huko huko Marekani yaliyoliuza jarida likiwa limefungwa kwa karatasi kama kitu cha aibu. Februari 2017 Beyoncé akatangaza mapacha wake kwa picha iliyopigwa na Awol Erizku, amepiga magoti mbele ya maua, shela kichwani. Tangu hapo na huku kwetu hakuna msanii anayekubali mimba yake ipite bila picha. Tatizo ni kwamba tumeiga na gharama zake. Tunadhani bila gauni la mkia mrefu picha haijakamilika.

Nikakumbuka watu waliopiga picha kubwa kwa vitu vidogo. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Alipigia picha uani kwake, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na watu waliingia pale na nguo zao za Idi wakatoka na picha ambayo wajukuu wanaigombania mpaka leo. Kama shuka la kitanda lilimtosha Keïta, mimi nani?

Haya, twende Lushoto.

Mke wangu ni Msambaa, na kwa utaratibu wa kwao mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Kwa hiyo mwishoni mwa Desemba alipanda kwao, baada ya nesi wa kliniki kusema safari haina shida. Mimi nikamfuata katikati ya Januari, mimba ikiwa na wiki 31. Wapiga picha wengi husema muda mzuri ni kati ya wiki ya 28 na 36: tumbo limeshajitokeza vizuri, na mama bado ana nguvu za kusimama, kuinama na kucheka.

Mnaoijua njia hiyo mnaijua. Unashuka Mombo na joto lake, halafu unaanza kupanda kilomita 33 za kona, mlima upande huu na bonde upande ule, unapita Soni na maporomoko yake, na kabla hujakaa sawa unatafuta sweta. Mji wenyewe uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Januari ni msimu wa matunda. Kando ya barabara kuna ndoo za matunda damu, mapeasi, mapichisi. Nilipoona ule wekundu wa matunda damu nikasema moyoni, haya ndiyo maputo yangu.

Lakini kulikuwa na kizingiti. Mama mkwe.

Kwa heshima ya ukwe, mimi na mama hatukai tukajadili tumbo la binti yake. Nikifika nasema shikamoo mama, ananiitikia marahaba baba, habari za Dar, basi. Mambo mazito hupitia kwa shangazi wa mke wangu, ambaye hana breki za mdomo. Shangazi akaja barazani na ujumbe: "Mama yenu amesema chungu kikiwa jikoni hakifunuliwifunuliwi. Amesema mmeshasahau ya mwaka juzi?"

Ningeweza kuandika hapa kwamba wazee wana imani potofu, nikaendelea. Lakini nilikaa nikafikiri. Huyu mama amezaa enzi ambazo mwanamke akienda kujifungua anaaga. Takwimu za taifa za mwaka 2015/16 zilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Ni mafanikio makubwa, lakini hata hiyo 556 ni ya juzi tu, na wazee wetu walizaa kabla yake. Pale Irente, mwendo mfupi kutoka mjini, kuna kituo cha Kanisa la Kilutheri kinacholea watoto wachanga, wakiwemo waliofiwa na mama zao. Mama mkwe amepita mbele ya geti lile maisha yake yote. Ukimwambia mtu wa hivyo "piga picha ufurahi", anaona unaita msiba kwa jina.

Na milima hii ina kumbukumbu ndefu ya hofu ya uzazi. Mbegha, yule mwindaji kutoka Nguu ambaye Wasambaa wanamtaja kama mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi, anasimuliwa kwamba alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa mila za wakati ule mtoto wa hivyo hakutakiwa kuishi. Aliishi, akaja Usambara, akawa mfalme. Abdallah bin Hemedi ameyaandika hayo kwenye Habari za Wakilindi. Nilimpa shangazi hoja hiyo aipeleke jikoni: kwamba hapa hapa, mtoto aliyeogopwa ndiye aliyejenga nchi. Shangazi akacheka, akaenda.

Sijui kama ni Mbegha aliyefanya kazi, au ni mke wangu mwenyewe, aliyelala chumbani kwa mama yake usiku ule na nikasikia wanaongea Kisambaa mpaka taa ikazimwa. Asubuhi shangazi akarudi na masharti matatu. La kwanza, tumbo lisikae wazi, lifungwe kanga. La pili, picha zisionyeshwe kwa mtu yeyote mpaka mtoto azaliwe na arobaini ipite. La tatu, mama mwenyewe atakuwepo.

Ndiyo maana hapa mnasoma maneno matupu. Niliomba ruhusa ya kuandika nikapewa. "Maneno hayana macho," shangazi aliniletea jibu. "Picha ndizo zina macho."

Sasa mambo ya kazi, kwa mtakaotaka kujaribu.

Kamera niliazima kwa mpiga picha wetu wa gazeti, pamoja na lenzi ya milimita 50. Hiyo ni lenzi ya bei ndogo kuliko nyingi, lakini ukilifungua tundu lake mtu anaonekana vizuri na vya nyuma vinafifia, hata kama nyuma yake kuna ndoo na kamba ya kuanikia nguo. Kama huna wa kumwazima, simu ya kawaida inatosha mradi ufute kioo chake kwa kitambaa safi (watu wengi hawafuti!) na ubonyeze usoni kwa mtu kabla ya kupiga, ili simu ijue mwanga iupime wapi.

Mwanga ndiyo mali, na ni bure. Jua la saa sita linachimba mashimo meusi chini ya macho. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Lushoto ina zawadi ya ziada: ukungu. Asubuhi ukungu ukikaa juu ya bonde mwanga unasambaa pande zote, uso unakuwa laini bila poda. Ndani ya nyumba, msimamishe mama ubavu kwa dirisha, halafu mtu ashike shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Shuka letu alilishika shemeji yangu wa darasa la sita, kwa malipo ya soda mbili.

Mkao wa ubavu ndio unaolionyesha tumbo. Mkono mmoja juu, mmoja chini. Mbele moja kwa moja tumbo linapotea, na mama anaonekana amenenepa tu, kisha utajibu wewe.

Mavazi. Hapa naomba niwe mbishi kidogo. Tunakodi magauni wakati tuna kanga. Kanga ina pindo, ina jina, na ile sehemu ya katikati inaitwa mji. Na tumbo la uzazi nalo kwa Kiswahili linaitwa mji. Sidhani kama kuna gauni la kukodi linaloweza kusema hivyo. Tulinunua doti mbili sokoni. Mke wangu alichagua moja ya rangi ya njano. Ya pili aliichagua mama, akaileta imekunjwa, akamkabidhi binti yake bila kusema neno. Tulipoikunjua jina lake lilikuwa: HASIDI HANA SABABU. Mwe! Nilicheka nusura niangushe kamera ya watu.

Na hii hapa hesabu:

Kanga doti mbili, 28,000.
Gari la kukodi kwa mchana mmoja, 50,000 (bodaboda kwa mjamzito kwenye njia zile, hapana).
Viingilio na soda za wasaidizi, 15,000.
Mkate na jibini vya Irente Farm, maziwa na kapu la matunda damu, 17,000.
Kusafisha picha ndogo 12, 18,000.
Picha moja kubwa na fremu yake, 20,000.

Jumla 148,000. Maua tuliyachuma kwenye ua wa jirani, kwa idhini yake.

Asubuhi tulipiga nyumbani: mlangoni mwa jiko, moshi ukitoka nyuma yake, halafu kwenye matuta ya kabichi na karoti, kapu la matunda damu kiunoni. Alitaka kusimama peku kwenye udongo ule mwekundu. Mama mkwe alikataa kwa sababu ya baridi, wakabishana, na mimi nikawa napiga tu huku wanabishana. Picha tatu nzuri zimetoka kwenye ugomvi huo.

Jioni tukaenda Irente. Ambao hamjafika, ni mwamba uliojitokeza ukingoni mwa mlima. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyika inakwenda mpaka macho yachoke. Jua linazama upande huo huo, kwa hiyo mtu akisimama kati yako na jua anakuwa kivuli cheusi chenye umbo, na hakuna umbo zuri la kivuli kama la mwanamke mjamzito. Lakini sikilizeni: msimweke mama ukingoni. Tulimsimamisha hatua nyingi nyuma, kwenye ardhi tambarare, mimi nikalala kifudifudi chini. Kamera ikiwa chini, mwamba unaonekana uko miguuni pake. Hatari iwe kwenye picha tu. Hata hivyo mama mkwe alishikilia pindo la kanga ya binti yake kwa nyuma muda wote, kama anayeshika mbuzi wa sadaka. Kwenye picha mbili mkono wake unaonekana. Mke wangu amekataa nisiufute.

Nimebakiza picha moja ambayo haikuwa kwenye mpango wangu.

Tuliporudi nyumbani giza lilikuwa linaingia. Mke wangu akaniita chumbani, akasema piga moja ya mwisho. Alikaa kitandani karibu na dirisha. Akafungua mkoba wake akatoa kadi mbili za kliniki. Moja ya sasa, imejaa mihuri na tarehe. Nyingine ya mwaka juzi, pembe zimekunjika, imeandikwa mpaka katikati halafu nafasi zilizobaki ni nyeupe. Sikujua kama aliitunza. Akaziweka zote mbili juu ya tumbo, akazishika kwa viganja.

Nikamuuliza kama anataka acheke au asicheke. Akasema, "Piga hivyo hivyo."

Mwanga ulikuwa mdogo sana. Ilinibidi niegemeze kamera kwenye meza na niombe asitikisike. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi, na mama mkwe alikuwa amesimama na taa mkononi. Hakusema kitu kuhusu chungu wala macho ya watu. Aliiinua taa ile juu kidogo, upande wa dirisha, akaishika pale mpaka nilipomaliza.

Hiyo ndiyo picha tuliyoisafisha kubwa. Ipo Lushoto, imefungwa kwenye gazeti, chini ya nguo za mtoto. Inasubiri arobaini.

Mimi nimerudi Dar kwa madiwani wangu, simu naiweka karibu na mto kila usiku. Shilingi 2,000 iliyobaki niliipandia daladala kutoka stendi ya Mbezi mpaka nyumbani, na chenji nikala maandazi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosubiri watoto, msiogope bei za studio. Dirisha mnalo, kanga mnazo, na hakika yupo mtu wa kushika shuka. Ila kaeni kwanza na wazee mwasikilize, maana wanachokiogopa wanakijua kuliko sisi.

Na kwenu je? Mimba inatangazwa au inafichwa? Na yule ambaye hakufika, mlimkumbuka kwa kitu gani?

Mtuombee. Nawasilisha.